Mtu, Chombo na Roboti: Swali la Kiumbe wa Kazi katika Historia ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

1. Utangulizi

Ni rahisi kudhani kwamba bunilizi ya kisayansi haina makao katika fikira za Waswahili. Hoja inayotolewa aghalabu ni kwamba jamii ambayo haikuunda mashine zake yenyewe haina haja ya kujiuliza iwapo mashine yaweza kuwa na nafsi. Kwa mujibu wa hoja hiyo, swali la roboti ni la Prague, London na New York, wala si la Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni.

Makala haya yanadhamiria kuipinga hoja hiyo kwa njia ya historia. Yanadai kwamba swali la msingi la bunilizi hizo, yaani ni nini kinachomfanya kiumbe aliyekusudiwa kazi tu awe mtu, liliulizwa Nairobi katika miaka ile ile lilipoulizwa katika jukwaa la Ulaya. Tofauti ni kwamba Nairobi liliulizwa kinyumenyume. Ulaya, msanii alibuni kitu kinachoelekea kwenye utu. Nairobi, sheria, mshahara na ramani ya nyumba vilimchukua mtu na kumtaka aelekee kwenye hali ya kitu. Kuzisoma historia hizi mbili pamoja kunatusaidia kuona kwamba mzozo wa utu wa kiumbe bandia haukuanzia kwenye mashine. Ulianzia kwenye kazi.

2. Roboti kabla ya chuma

Neno roboti liliingia katika lugha za dunia kupitia tamthilia ya Karel Čapek iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Prague mwaka 1921. Neno lenyewe lilipendekezwa na nduguye, Josef, kutokana na neno la Kicheki robota. Robota ilikuwa kazi ya shokoa ambayo mkulima aliyefungwa katika ardhi ya bwana alilazimika kuitoa, mfumo uliofutwa katika milki ya Austria mwaka 1848. Kwa hiyo jina la kiumbe huyu halikutokana na chuma wala umeme, bali na kumbukumbu ya kazi ya lazima.

Roboti wa Čapek hata si wa chuma. Wameundwa kwa nyama bandia na kwa sura hawatofautiani na watu. Katika masimulizi ya tamthilia, mzee Rossum alitaka kumuumba mtu kamili ili athibitishe kwamba Muumba hahitajiki. Rossum wa pili, ambaye ni mhandisi, hakuvutiwa na ukamilifu. Alimwona mtu kuwa kiumbe mwenye mambo mengi mno yasiyohitajika kazini, kama vile furaha, muziki na matembezi yasiyo na safari. Akayaondoa. Kilichobaki ndicho alichokiuza kwa maelfu. Falsafa yote ya tamthilia imo katika tendo hilo la kupunguza: roboti si mashine iliyoongezewa akili, ni mtu aliyepunguzwa hadi akabaki mkono unaofanya kazi.

Fikira hii ni kongwe kuliko Čapek. Katika kitabu chake cha Siasa, Aristotle alimweleza mtumwa kuwa chombo chenye uhai, akaongeza kwamba laiti vyombo vingeweza kufanya kazi vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Katika kauli hiyo mtumwa na kiumbe bandia wanasimama mahali pamoja, na mmoja ni badala ya mwingine. Anayeiota mashine itendayo kama mtu huwa amekwisha kumtazama mtu atendaye kama mashine.

3. Ushahidi wa lugha

Kiswahili nacho kina neno lake juu ya jambo hili. Mtumwa ni yule anayetumwa, na neno hilo linatokana na mzizi ule ule unaotupa mtumishi na mtume. Lugha inamtaja kwa uhusiano wake na amri ya mwingine, lakini haimtoi katika ngeli ya watu. Hata pale jina linapovaa kiambishi cha kudunisha, kama ilivyo kwa kitwana na kijakazi, upatanisho wa kisarufi unabaki wa viumbe wenye uhai. Msemaji husema kijakazi amekuja, si kijakazi kimekuja. Soko lilimhesabu mtumwa kuwa mali, ilhali kitenzi kiliendelea kumhesabu kuwa nafsi. Hili lisitiwe chumvi: jamii za pwani zilimiliki watumwa kwa karne nyingi, na sarufi haikumfungua mtu minyororo. Hata hivyo, inaonyesha kwamba kumgeuza mtu kuwa chombo ni shughuli inayohitaji juhudi za kila siku, kwa kuwa lugha yenyewe haimalizi kazi hiyo.

Juhudi hizo ziliacha maneno. Vibarua waliosajiliwa kwa mkataba kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika waliitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa. Katika imani za sehemu nyingi za Tanzania yumo msukule, mtu anayesadikiwa kuchukuliwa na mchawi, akapumbazwa akili na kufanyizwa kazi bila malipo wala malalamiko. Msukule ni Rossum wa pili akitenda bila maabara: kinachoondolewa ni nia na kauli, kinachoachwa ni mikono. Mtu aliyezisikia simulizi za msukule hahitaji kufundishwa roboti ni nini. Anahitaji tu kuambiwa kwamba Ulaya mchawi ana kiwanda.

4. Kipande na mkono wa kazi

Mwaka ule ule R.U.R. ilipochapishwa, Kenya ilitangazwa kuwa koloni. Mwaka mmoja kabla, Gavana Northey alikuwa ametoa waraka uliowataka maafisa wa serikali wawahimize Waafrika kwenda kuwafanyia Wazungu kazi, na mpaka kati ya kuhimiza na kulazimisha ulikuwa mwembamba mno. Sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika, iliyopitishwa mwaka 1915 na kucheleweshwa na vita, nayo ilianza kutekelezwa wakati huo. Kila mwanamume aliyefikia umri uliowekwa alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na aghalabu kuning'inizwa shingoni. Aliyeacha kazi bila kufunguliwa na mwajiri alikuwa na hatia ya jinai.

Hapa ndipo ulinganisho wa roboti na kibarua unapohitaji tahadhari. Hakuna anayeipa mashine kipande. Mashine haitoroki, haidanganyi umri wake, wala haiendi kumzika mamaye bila ruhusa. Sheria inayomwadhibu mtoro inakiri kwamba mtoro ana nia. Kwa hiyo kipande kilikuwa hati yenye kauli mbili zinazopingana: kilimtaka mchukuzi wake awe mkono mtupu, na papo hapo kilishuhudia kwamba hakuwa hivyo. Roboti wa Čapek wanaanza bila nia na kuipata mwishoni. Kibarua wa Nairobi alikuwa nayo tangu mwanzo, na utawala uliijua na kuiogopa. Machi 1922, Harry Thuku, aliyekuwa amekipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, alipokamatwa, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa kwa risasi siku hiyo.

5. Nyumba ya mtu aliyepunguzwa

Sheria ilipomaliza kazi yake, msanifu wa majengo aliianza ya kwake. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na upande wa mashariki wa mji, tambarare yenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua, ndio uliotengewa Waafrika. Mtaa wa Kariokor ulihifadhi katika jina lake kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao maelfu yao walikufa kwa maradhi na uchovu. Pumwani ulianzishwa mapema katika miaka ya 1920. Muthurwa na Makongeni ilikuwa mitaa ya wafanyakazi wa reli. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipovunjwa na wakazi wake kuhamishwa.

Sehemu kubwa ya makazi ya umma ya wakati huo ilikadiriwa kwa kipimo kimoja, yaani mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto karibu naye. Kilichokodishwa mara nyingi hakikuwa chumba bali nafasi ya kitanda. Mshahara wa chini nao ulikadiriwa kwa mahitaji ya mtu mzima mmoja. Ilichukuliwa kwamba mke, watoto na wazee wako mashambani wakijilisha wenyewe, na kwamba mfanyakazi akichoka au akizeeka atarudi huko. Kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya uenyekiti wa Carpenter, ilipotoa taarifa yake mwaka 1954, pendekezo lake kuu lilikuwa kuuacha hatua kwa hatua mshahara wa kapera na kuufuata mshahara wa mwenye familia. Pendekezo hilo ni ukiri wa kiserikali kwamba kwa zaidi ya kizazi kimoja hesabu ilikuwa imefanywa juu ya mtu asiyekuwapo.

Mtu huyo asiyekuwapo ndiye kiumbe bandia wa Eastlands. Hakuundwa kwa nyama ya maabara. Aliundwa kwa tarakimu, na nyumba ikajengwa kumfuata. Kisha watu halisi, wenye wake, mama wakwe, wagonjwa na wapiga magitaa, wakaambiwa waishi ndani ya vipimo vyake. Rossum wa pili aliondoa furaha na muziki katika mwili. Mpangaji wa mji aliviondoa katika ramani.

6. Yaliyorudi bila kuagizwa

Katika tamthilia ya Čapek, roboti wanaasi na kuwaua wanadamu wote isipokuwa mmoja, Alquist, anayesazwa kwa sababu yeye pia hufanya kazi kwa mikono yake. Mwishoni roboti wawili, mume na mke, wanaonekana kupendana, kila mmoja akiwa tayari kufa kwa ajili ya mwenzake. Alquist anawaaga kwa majina ya Adamu na Hawa. Msomaji wa Kiswahili huusoma mwisho huu kwa uzito zaidi pengine kuliko mtazamaji wa Prague, kwa kuwa neno lake la kumtaja mtu, binadamu au mwanadamu, linamtaja kwa nasaba ya Adamu. Roboti anayeitwa Adamu hajapewa jina tu; amefunguliwa ukoo. Kigezo cha Čapek hakikuwa akili, kwani roboti wake walikuwa na akili tangu mwanzo. Kigezo ni kwamba kiumbe alitoa kitu ambacho muundaji wake hakukiagiza.

Kwa kigezo hicho historia ya Eastlands ina ushahidi wa kutosha. Mitaa iliyokadiriwa kwa makapera ilijaa watoto. Katika miaka ya 1940 mtaa wa Kaloleni ulijengwa kwa nyumba za familia, na ukumbi wake ukawa uwanja wa siasa. Katika ukumbi huo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaitikia kwa mgomo mkuu. Mkono uliokodishwa ulikuwa umesimama na kusema.

Kabla ya kusema hadharani ulikuwa umesimulia kwa siri. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000), anachambua masimulizi yaliyoenea Nairobi na kwingineko wakati wa ukoloni kuhusu wazimamoto, waliosemekana kuwakamata watu usiku na kuwatoa damu. Mhakiki wa fasihi anaweza kuyasoma masimulizi hayo kama bunilizi ya kisayansi ya watu wa kawaida. Yana magari, yana vifaa, yana wataalamu waliofungwa kwa siri ya kazi yao, na kiini chake ni hofu kwamba kuna ufundi unaoweza kumgeuza mtu kuwa malighafi. Lililo muhimu si kama masimulizi hayo yalikuwa kweli. Ni kwamba wenyeji wa mitaa hii walikwisha kuupatia umbo la hadithi mzozo ambao wasomi waliuita wa kigeni.

Zao la tatu ni lugha. Watafiti wengi wanakubaliana kwamba Sheng ilichipuka katika mitaa ya Eastlands, na kwamba ilishamiri tangu miaka ya 1970 miongoni mwa vijana waliozaliwa humo. Wapenzi wa Kiswahili sanifu wameishutumu kwa mengi. Lakini katika mjadala huu ina hadhi ya pekee: ni lugha ya watoto ambao kwa mujibu wa ramani hawakupaswa kuzaliwa hapo. Hakuna mwajiri aliyeihitaji, hakuna ofisi iliyoiagiza. Hata neno manamba lilipata maisha mapya nchini Kenya, likawa jina la mpiga debe wa matatu, mtu ambaye ulimi wake mwepesi ndio mtaji wake.

7. Wale ni sisi

Katika fasihi andishi, kazi inayolikabili swali hili kwa ujasiri ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, msomi wa elimujamii aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Mhusika mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa, anafikia nchi yenye mpangilio tofauti wa jamii. Chombo cha angani ni zana ya bunilizi ya kisayansi, ila Mkangi hashughuliki na injini yake. Anashughulika na jina la nchi, ambalo likikatwa vizuri linasomeka kama sentensi kamili: wale ni sisi.

Sentensi hiyo inatoa njia tofauti na ile iliyozoeleka katika bunilizi za Magharibi. Huko, kutoka Frankenstein ya Mary Shelley (1818) hadi hadithi za Isaac Asimov, swali huelekezwa kwa kiumbe: je, anafikiri, anahisi, anastahili? Kiumbe husimamishwa kizimbani na mwanadamu huwa hakimu. Mkangi anamwelekezea hakimu swali: ni mpangilio gani uliokufanya umwone huyu kuwa si wewe? Njia hiyo inaafikiana na historia ya Eastlands, ambako hakuna aliyekuwa na shaka ya kweli kama kibarua anafikiri. Shaka ilitengenezwa kwa sababu ilipunguza gharama.

Jina la mtaa mmoja linatukumbusha jambo hilo. Mbotela, uliojengwa katika miaka ya 1950, uliitwa kwa heshima ya Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Jina hilo la ukoo ndilo analolibeba pia James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa (1934), kitabu kinachosimulia safari ya waliotoka utumwani na kupata makao Frere Town, Mombasa. Msomaji anayepita Mbotela hupita, kwa jina tu, kutoka kwenye chombo chenye uhai cha Aristotle hadi kwenye nyumba ya mfanyakazi wa mji.

8. Waalimu wa mashine

Swali hili limerudi Nairobi kwa sura mpya. Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walikuwa wamesoma na kuainisha maandishi ya ukatili na udhalilishaji, ili programu za kampuni ya OpenAI zifundishwe kuyatambua. Malipo yao, kwa mujibu wa taarifa hiyo, yalikuwa chini ya dola 2 kwa saa. Mei Mosi mwaka huo, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo na za kuchuja yaliyomo katika mitandao walikutana Nairobi na kuazimia kuunda chama. Septemba 2024, Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa nchini na waliokuwa wachujaji wake.

Dunia nzima sasa inauliza kama mashine inayojibu kwa ufasaha ina fahamu. Ni swali halali, na wanafalsafa hawapaswi kukatazwa kuliuliza. Lakini ufasaha huo, na hata adabu yake, una sehemu iliyotokana na watu walioketi mbele ya viwambo wakiyabeba machafu ili mwingine asiyaone. Kwa mara nyingine mfanyakazi amepunguzwa akabaki mkono, safari hii mkono wa kubofya, na kilichopunguzwa kwake kinaonekana upande wa pili kikiwa sifa ya mashine. Ukumbi wa Kaloleni wa 1950 na mkutano wa Mei Mosi 2023 haviko mbali kama miaka 73 inavyodai.

9. Hitimisho

Msemaji wa Kiswahili wa leo husitasita baina ya roboti imejibu na roboti amejibu. Kusitasita huko si kosa la sarufi, kwani lugha iko katikati ya uamuzi. Makala haya hayakukusudia kuutoa uamuzi huo, bali kuonyesha kwamba ulikwisha kutolewa mara nyingi, kwa hasara ya watu, kabla ya mashine kuwepo. Waliokokotoa mshahara wa kapera walimwondolea mtu ngeli yake bila kubadilisha hata kiambishi kimoja. Ikiwa siku moja mashine itapewa kiambishi cha nafsi, haki ni kwamba kwanza kirudishwe kwa wale ambao kilichukuliwa kwao.

Wahakiki wana kazi ya kufanya kabla ya hapo. Baadhi ya nyumba za zamani za Eastlands zimekwisha kubomolewa, na nyingine zimewekwa katika mipango ya ujenzi mpya. Wazee waliolala katika nafasi ya kitanda, waliosikia habari za wazimamoto na walioingia ukumbi wa Kaloleni wanapungua kila mwaka. Masimulizi yao yakikusanywa yatakuwa hazina ya historia, na yatakuwa pia sura ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili, ambayo imekosa wasomaji kwa sababu tu hakuna aliyeiita kwa jina hilo.